Betri ya pili inakupa siku, haikupi umeme

Mtu akianza kulala ndani ya gari, hachelewi kuanza kuzungumzia betri. Yanaanza manung'uniko: friji imezima alfajiri, feni inazunguka kwa uvivu, pampu ya maji inakoroma. Halafu linakuja jibu ambalo kila mtu analo mdomoni: ongeza betri ya pili. Nami niliongeza, na sijuti. Lakini sababu iliyonisukuma siyo ile niliyozoea kuisikia kwa wenzangu, na kwenye kufunga, betri yenyewe ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Shughuli iko kwenye nyaya fupi, nati chache, na swali moja ambalo wengi hawajiulizi mpaka pesa zimeshatoka: nani ataijaza?

Kwa asiyeyajua magari haya, gari-nyumba lina mifumo miwili ya umeme. Kuna betri ya stata, ya kuwashia injini, na kuna betri ya ndani, inayolisha taa, friji, pampu, feni na chaja za simu. Hazifanani hata zikiwa na sura moja. Ya stata imejazwa mabamba mengi membamba ya risasi ili itoe mkupuo mkubwa kwa sekunde chache. Ya ndani ina mabamba manene, machache, yanayovumilia kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Hapa naongelea betri ya pili ya ndani, pacha wa ile iliyopo, zikifungwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti zinabaki 12, uwezo unajumlishwa. Ukizifunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, utapata volti 24 na utaunguza vitu.

Kalamu kabla ya spana

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Friji ya kompresa ya volti 12 inakula kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na hali ya hewa ikiwa ya wastani inafanya kazi kama theluthi moja ya muda. Hizo ni ampea-saa 32 kwa siku, yaani ampea ukizizidisha kwa saa. Kompyuta na simu nikazipa 15. Feni ya darini 10. Taa za LED siku hizi hazina neno, 5 zinatosha. Pampu ya maji inavuta ampea 6 au 7, ila ni kwa dakika chache tu, kwa hiyo yenyewe pamoja na vile vidude visivyolala, kama king'ora cha gesi na saa ya redio, nikavipa 3. Jumla 65.

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haikupi 100. Ukitaka iishi, usiishushe chini ya nusu, maana kila unapoizamisha zaidi unapunguza idadi ya mizunguko ya kujaa na kutoa iliyobaki kwenye maisha yake. Kwa hiyo cha kutumia ni 50. Matumizi 65, akiba 50: friji kuzima alfajiri hakuhitaji mganga.

Sasa weka jua. Paneli moja ya wati 100, mahali penye saa 5 za jua kamili, ukitoa hasara ya joto, vumbi na ule ukweli kwamba imelala bapa juu ya paa, inarudisha kama ampea-saa 30. Pengo la kila siku ni 35. Kwa betri moja pengo hilo linamaliza akiba ndani ya siku moja na nusu hivi. Kwa betri mbili, siku tatu kasoro. Umenunua siku moja na nusu, basi. Pengo halijapungua hata chembe.

Fanya hesabu ileile upande wa pili. Acha betri moja, ongeza paneli ya pili. Zinaingia 60, zinatoka 65, pengo ni 5 tu. Akiba ya 50 inakwenda siku kumi kwenye karatasi, jua likikubali. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ukiweka vibaba viwili na haba ikabaki ileile, hakuna kinachojaa.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema umeme hautoshi, siku hizi nauliza kwanza anakaa sehemu moja kwa muda gani. Anayehama kila baada ya siku mbili au tatu, na njiani injini inachaji, betri ya pili itamfaa sana: anaishi kwa akiba mpaka safari inayofuata. Anayeegesha wiki nzima palepale angeanza na paa. Na ambaye paa lake limeshajaa, au anapenda kivuli kama mimi, huyo ana sababu ya kuongeza betri, kwa sababu paneli iliyo chini ya mti ni pambo tu. Mimi naegesha kivulini, gari linabaki la baridi, friji inapumzika, halafu kesho yake naendesha. Kwa maisha ya namna hiyo betri mbili zina mantiki.

Faida ambayo hesabu rahisi haiioni

Kuna jambo lililonishawishi kuliko yote. Kibandiko cha betri ya risasi kinaposema ampea-saa 100, kwa kawaida kinamaanisha ukiitoa kwa saa 20, yaani ampea 5 tu. Ukiivuta kwa nguvu zaidi inakupa pungufu. Mjerumani Peukert aliliandikia kanuni jambo hili mwaka 1897, na bado tunaitumia kanuni hiyohiyo.

Chukua betri ya maji ya kawaida, ambayo namba yake kwenye kanuni ya Peukert ni kama 1.2. Ivute ampea 50 kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Itakata roho baada ya saa moja na robo, ikiwa imetoa kama ampea-saa 63. Sasa ziwe mbili, mzigo uleule wa ampea 50. Kila moja inabeba 25, na kwa mvuto huo mdogo zitakwenda karibu saa tatu, jumla ampea-saa 145. Umeongeza betri mara mbili, umepata mara 2.3. Betri kavu za aina ya AGM zina namba ndogo zaidi kwa hiyo nyongeza hiyo ni ndogo, na lithiamu karibu haiijui kabisa hali hii. Ila kwa mwenye betri ya maji na inveta, hiyo ni zawadi ya bure.

Ukiacha inveta, kuna umri. Zile ampea-saa 65 za siku zinazamisha betri moja mpaka theluthi mbili. Kwa mbili ni theluthi moja tu, na kila moja inaamka asubuhi ikiwa haijachoka. Kwenye betri moja nilizoea kuona volti 12.1 au 12.2 kabla jua halijapanda, yaani nusu au chini yake. Mbili zinaniamkia na 12.4, 12.5. Vipimo vya namna hii vina maana tu kama betri imekaa saa kadhaa bila mzigo mkubwa wala chaji. Ukipima friji ikiwa inanguruma utajitisha bure.

Pacha, au usijisumbue

Betri mbili zinazofungwa sambamba zinalazimishwa kuwa na volti sawa muda wote. Chaja haizioni kama mbili, inaona moja kubwa. Ikiwa moja ni mzee, yenye seli dhaifu, itaendelea kuvuta chaji ambayo mwenzake haihitaji, na usiku itainywa ile nzuri polepole. Seli ikipiga shoti ndani, betri ile inageuka kuwa mzigo wa mwenzake saa 24. Ndiyo maana sharti ni aina moja, ukubwa mmoja, umri unaokaribiana, na ikiwezekana kiwanda kimoja. Yangu ya kwanza ilikuwa bado changa na modeli yake ilikuwa ingali inauzwa. Ingekuwa na umri wa kuanza kulalamika ningeitoa na kuweka mbili mpya kwa pamoja, iniume kidogo mfukoni.

Kuchanganya lithiamu na risasi kwa kuziunganisha tu kwa waya ni wazo linalozunguka sana, na silipendi. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ikiwa imetulia inakaa kwenye volti 13.2 au 13.3, ya risasi iliyojaa inakaa 12.7. Maana yake ni kwamba ya lithiamu itafanya kazi yote na ya risasi itakaa kama mgeni anayehudumiwa, mpaka ya kwanza iishe. Volti za kuchajia nazo zinatofautiana. Kuna vifaa vya kuzitenganisha, lakini ukifika hapo gharama na fundo la nyaya vinakuuliza kwa nini usiende lithiamu moja kwa moja.

Na kwa kweli lithiamu moja ya ampea-saa 100 inaweza kufanya kazi ya betri zangu mbili, maana unaitumia karibu yote. Uzito ni kilo 12 hivi, wakati betri moja tu ya risasi ya ukubwa huo ina kilo 25 hadi 30. Kwa magari ambayo Ulaya yanabanwa na kikomo cha kilo 3,500, na tayari yamejaa maji, gesi na watu, kilo 55 za risasi si mchezo. Nilibaki na risasi kwa sababu nilikuwa nayo tayari ikiwa mpya, chaja zangu zote ni za risasi, na nalala sehemu zinazoganda usiku. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Anayeanza na gari tupu, akiniuliza, nitamwambia aende lithiamu.

Waya mbili fupi

Mahali pa kuiweka palikuwa chini ya kiti cha abiria, ubavuni mwa ile ya kwanza. Wengine huitupa kwenye sanduku la nyuma kwa sababu ndiko kwenye nafasi, halafu wanavuta mita tatu za waya. Usifanye hivyo kama una namna nyingine. Betri sambamba zinataka ukaribu: nyaya fupi, joto lilelile. Zangu zimefungwa kwa mkanda wa chuma chini, maana kitu cha kilo 28 kikiachwa huru siku ya breki ya ghafla hakitauliza nani amekaa mbele. Kama ni betri za maji ongeza tundu la kutolea hewa nje. Zikichajiwa zinatoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa iliyopo inaweza kulipuka.

Kabla ya kuziunganisha nilizichaji kila moja peke yake mpaka zikajaa, nikaziacha zitulie usiku kucha, nikapima. Tofauti ilikuwa volti 0.03. Hii si kujifurahisha. Betri nzuri ya ukubwa huu ina ukinzani wa ndani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, wa, tuseme, miliomu 5 (omu 0.005). Mbili zikikutana zikiwa na tofauti ya nusu volti, ukinzani wote kwenye mzunguko ni miliomu 10 na kidogo, na mkondo utakaoruka kati yao dakika ile ni karibu ampea 50. Utauona kwa cheche kwenye spana yako.

Sasa suala la mshazari, ambalo kila mwenye betri mbili amelisikia. Njia ya uvivu ni kuacha nyaya zote za gari pale zilipo, kwenye betri ya kwanza, kisha kurusha waya mbili kwenda ya pili. Inafanya kazi, lakini umeme wa betri ya pili unapita kwenye waya mbili za ziada ambazo umeme wa kwanza haupiti. Njia safi, ndiyo mshazari wenyewe, ni kuchukua chanya ya gari kutoka betri A na hasi ya gari kutoka betri B. Hapo kila betri inapita kwenye kiungo kimoja tu, A kupitia waya wa hasi, B kupitia waya wa chanya. Njia zinalingana.

Nimefunga mshazari, na nitawaambia wengine wafunge hivyo, lakini tusiukuze kupita kiasi. Kipande cha shaba cha sentimita 30 chenye unene wa milimita za mraba 25 kina ukinzani wa miliomu 0.2. Viwili ni 0.4. Kwa betri mbili za risasi zenye miliomu 5 ndani, mtindo wa uvivu ungegawa mzigo wa ampea 90 kuwa 47 kwa 43. Hakuna aliyekufa. Betri zikiwa nne hadithi inabadilika, na zikiwa za lithiamu, ambazo ukinzani wake wa ndani ni mdogo zaidi, inabadilika haraka. Kwa mbili za risasi kuna adui mkubwa kuliko mpangilio, naye ni kiungo kibovu.

Lagi (kile kichwa cha shaba mwishoni mwa waya) iliyobanwa kwa koleo la kawaida badala ya mashine ya kubania inaweza kuongeza miliomu 2 bila wewe kuona chochote. Rudia hesabu: njia moja miliomu 5, nyingine 7, na mzigo uleule wa ampea 90 unagawanyika 52 kwa 38. Betri moja itazeeka mbele ya mwenzake, na utasema kiwanda kimekuibia.

Namna ya kukikamata kiungo cha aina hiyo ni rahisi, na sioni watu wengi wakiifanya. Washa inveta, chomeka birika dogo la umeme la wati 1,000 hivi. Kwa volti 12 na hasara ya inveta huo ni mvuto wa ampea 90 au zaidi. Chukua mita ya koleo inayopima DC, yaani umeme wa betri, ikumbatishe waya wa betri ya kwanza, soma, kisha wa betri ya pili, soma. Kama namba zimekaribiana, vizuri. Kama zimeachana, weka multimita kwenye milivolti, ncha moja juu ya nguzo ya betri yenyewe, ya risasi, na ncha nyingine kwenye shaba ya lagi. Si juu ya nati, bali kwenye shaba. Kiungo kizuri kitakuonyesha milivolti chache. Chenye miliomu 2 kitaonyesha zaidi ya 70. Maji yakikaribia kuchemka, gusa lagi zote kwa kidole, moja moja. Yenye joto kuliko wenzake imejitaja yenyewe.

Lagi zangu zilikuja na utando mwembamba wa rangi, karibu hauonekani, nadhani ni wa kuzuia kutu. Nikaupangusa kwa msasa laini mpaka shaba ikang'aa kama sarafu mpya, nikafanya hivyo na kwenye nguzo za betri, nikakaza, halafu nikapaka grisi juu ya kila kitu baada ya kukaza. Grisi inakaa nje ya kiungo kuzuia unyevu. Kuhusu wosha: lagi inakaa moja kwa moja juu ya nguzo, wosha inakuja juu ya lagi. Nimeona kwenye magari ya watu wosha ya chuma imewekwa katikati, umeme wote unapita kwenye kipande cha chuma chembamba. Ile ni hita.

Unene wa waya mrefu, ule wa kwenda kwenye inveta, unahitaji hesabu yake. Mita 3 za shaba kwenda na kurudi, milimita za mraba 10, ampea 100: unapoteza zaidi ya nusu volti njiani na waya unatoa wati 52 za joto. Weka 25, upotevu unashuka mpaka volti 0.2 na joto wati 21. Inveta nyingi hukata zenyewe volti zikishuka kupita kiwango, kwa hiyo waya mwembamba unafanya betri zilizojaa zionekane tupu. Watu wananunua betri ya tatu kwa sababu ya waya.

Na fyuzi. Betri yenye miliomu 5 ndani ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea 2,500. Mbili sambamba, mara mbili yake, na hapa kuna jambo ambalo halipo kwenye betri moja: waya wa betri A ukigusa bodi ya gari, B nayo inalisha ajali ileile. Ndiyo maana kila betri inataka fyuzi yake, karibu na nguzo ya chanya, umbali wa kiganja hivi, kisha ndipo ziungane. Fyuzi inachaguliwa kwa kuangalia waya unavumilia nini. Mzigo una fyuzi yake kwingine. Sikubaliani na wanaosema moja ya pamoja inatosha kwa sababu nyaya ni fupi. Waya mfupi unashika moto kama mrefu.

Wakati wa kufungua, hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho. Spana ikigusa bodi huku inafungua hasi hakuna kitu. Ikigusa huku inafungua chanya na hasi ipo, utaona spana ikichomelewa mbele ya macho yako. Pete na saa ya chuma viweke mezani.

Kuijaza

Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi mwaka 1859, na tabia yake moja haijabadilika: inapenda kujaa. Ikikaa nusu nusu kwa wiki kadhaa, salfeti iliyo kwenye mabamba inakuwa fuwele ngumu zisizorudi tena. Hii ndiyo hatari ya betri ya pili ambayo haitangazwi. Ukiwa na moja unaishiwa, unalazimika kutafuta umeme, inajaa. Ukiwa na mbili unaishi raha mustarehe kwenye asilimia 60 kwa siku nyingi bila kusukumwa na chochote, na zote mbili zinaharibika kimyakimya.

Asilimia 80 za kwanza zinaingia haraka. Zile 20 za mwisho zinachukua saa nyingi, chaja ikiwa imeshika volti 14.4 mpaka 14.7 na mkondo ukipungua wenyewe. Huwezi kuziharakisha kwa kuongeza ampea. Kwa hiyo safari ya saa mbili, hata alteneta, ile jenereta ya injini, iwe kubwa namna gani, haijazi betri ya risasi. Inaifikisha pazuri, na jua la mchana ndilo linalomalizia. Hapo ndipo ile paneli yangu moja, isiyotosha kubeba maisha ya kila siku, inapolipa kodi yake.

Kwenye gari langu kulikuwa na rilei ya kizamani, ile inayounganisha betri ya stata na za ndani volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8. Kwa betri moja ilitosha. Betri mbili zikiwa na njaa zinaweza kuivuta volti chini mpaka rilei ikaachia, volti zikapanda, ikashika tena, tik-tak barabara nzima. Kwenye magari mapya yenye alteneta inayopunguza volti zake yenyewe kuokoa mafuta, rilei ya namna hiyo haina maana kabisa. Nikaitoa na kuweka chaja ya betri kwa betri ya ampea 30, ambayo inachukua volti yoyote kutoka mbele na kutoa iliyo sahihi nyuma. Saa mbili za kuendesha, ampea-saa 50 na kitu, bila tik-tak.

Kipimo cha chaji kilitaka marekebisho mawili. La kwanza ni kukiambia uwezo sasa ni 200, maana kingeendelea kunitisha kwamba nimefika nusu wakati niko robo tatu. La pili linasahaulika zaidi. Kipimo kinahesabu umeme unaopita kwenye shanti, kile kipande cha kupimia mkondo, iliyo upande wa hasi, na kila hasi ya gari lazima ipite hapo: inveta, paneli, chaja, waya wa bodi. Upande wa betri wa shanti unabaki na betri peke yake. Ukifunga mshazari, hasi ya gari inahama kutoka betri A kwenda B, na shanti lazima ihame nayo. Waya mmoja tu wa bodi ukibaki kwenye nguzo ya betri A, utakuwa na kipimo kinachosema uongo kwa ujasiri mkubwa. Friji yangu ilikuwa na hasi yake iliyokwenda moja kwa moja kwenye betri, kazi ya fundi aliyenitangulia. Niliijua nilipozima kila kitu isipokuwa friji na skrini ikasema sifuri.

Kilichobaki ni chaja ya umeme wa nje. Iliyokuja na gari ni ya ampea 10, na kwa ampea-saa 200 zilizoshuka nusu inahitaji saa 6 au zaidi kabla hata ya kufika kwenye zile asilimia 20 za mwisho. Kwa betri za risasi chaja ya asilimia 10 hadi 20 ya uwezo ni saizi nzuri, kwa hiyo natafuta ya ampea 30, yenye waya wa kipima joto. Betri ya volti 12 ikizidi nyuzi 25, kila nyuzi moja inataka volti ya kuchajia ishuke kama milivolti 20 hadi 30, na chini ya kiti kile bomba la hita linapita upande wa betri B. Kipima joto nitakigandisha hapo.